Kura zihesabiwe upya au uchaguzi urudiwe? Florida na Nairobi kwenye mizani moja

Uchaguzi wa urais ukibana, vijiweni huzuka kambi mbili kabla kahawa haijapoa. Kambi ya kwanza inasema: si wafungue masanduku wahesabu upya, kwani karatasi zimekimbia? Kambi ya pili inajibu: hao hao waliohesabu mwanzo ndio wahesabu tena? Ufutwe, turudie. Mimi nimeshakaa kambi zote mbili, tena ndani ya mwaka mmoja, wa 2017, nikiufuatilia uchaguzi wa Kenya nikiwa upande huu wa mpaka. Agosti nilikuwa wa kuhesabu upya. Septemba nikahamia kwa wa kurudia. Ilipofika mwisho wa Oktoba sikujua nikae wapi.

Kwa Mtanzania ubishi huu bado ni wa maneno tu. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya mwaka 1977 imefunga mlango: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika na ikaitaka serikali iirekebishe. Mlango huo ukifunguliwa siku moja, atakayeandika kifungu kipya atalazimika kuamua mshindwa apewe haki ya kuomba nini hasa. Ni afadhali tukalijadili hilo sasa, wakati hakuna kura za mtu mezani.

Kwanza tutenganishe maneno, maana magazeti huyachanganya. Kuhesabu kura upya ni kuvunja lakiri, kufungua sanduku na kuitazama karatasi moja moja. Kujumlisha upya ni kitu kingine: masanduku hayaguswi, zinachukuliwa fomu za matokeo na kujumlishwa tena. Halafu kuna uchunguzi, ambapo mahakama inaagiza fomu, lakiri, daftari au seva vikaguliwe bila lazima ya kubadilisha namba yoyote. Na mwisho kuna kubatilisha, yaani matokeo yote yanatupwa na watu wanarudi kwenye foleni. Mtu anayedai "wahesabu upya" huku ushahidi wake wote uko kwenye fomu, ameomba kitu kisichomsaidia. Hilo limewahi kumkuta mgombea mwenye mawakili wa bei mbaya kuliko wote duniani.

Florida, siku 36 za kuchungulia matundu

Tarehe 7 Novemba 2000 Wamarekani walichagua kati ya George W. Bush na Al Gore. Kule rais hapatikani kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, na anayefikisha wajumbe 270 ndiye anayeingia Ikulu. Florida ilikuwa na wajumbe 25, na bila hao hakuna kati ya wawili hao aliyefika. Usiku ule Gore alimpigia Bush simu kumpongeza. Kisha, pengo lilivyozidi kuyeyuka, akampigia tena kuzirudisha pongezi zake. Hesabu ya kwanza ilimweka Bush mbele kwa kura 1,784 katika kura karibu milioni 6.

Sheria ya Florida ilikuwa na kipengele kimoja kizuri ambacho nitakirudia: pengo likiwa asilimia 0.5 au pungufu, kura zinapitishwa tena kwenye mashine bila mtu kuomba, bila wakili, bila kulipia ada. Zikapitishwa, na pengo likashuka hadi mia chache. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Gore alikuwa na haki ya kuomba kura zihesabiwe kwa mkono. Akaomba katika kaunti nne tu: Volusia, Palm Beach, Broward na Miami-Dade, zote zilizompa yeye kura nyingi. Kisiasa inaeleweka, unavua pale unapojua pana samaki. Lakini ukiwaambia watu "kila kura ihesabiwe" huku umechagua madimbwi manne kati ya kaunti 67, hoja yako inaanza kuvuja siku ile ile.

Tatizo la pili lilikuwa kadi zenyewe. Mpiga kura alitakiwa kutoboa kadi kwa kijiti chenye ncha, kijipande kidondoke, mashine isome tundu. Sasa kijipande kikibaki kinaning'inia kwa kona moja? Na kikibonyea tu bila kutoboka? Kuna kaunti zilizoihesabu kadi ya namna hiyo na kuna zilizoikataa. Palm Beach ilibadilisha kipimo chake katikati ya kazi. Broward ilikuwa na huruma zaidi. Picha za siku zile ni za maafisa watu wazima wameinua kadi kwenye taa, jicho limewatoka, wakitafuta nia ya mpiga kura ndani ya kibonyeo.

Miami-Dade ilisimamisha hesabu yake tarehe 22 Novemba, siku ambayo waandamanaji wa upande wa Bush walifanya fujo nje ya chumba cha kuhesabia. Palm Beach ilimaliza saa chache baada ya muda kupita. Tarehe 26 Novemba Katibu wa Jimbo, Katherine Harris, akaidhinisha ushindi wa Bush kwa kura 537. Bi Harris alikuwa pia mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush katika jimbo hilo, na gavana wa jimbo alikuwa Jeb Bush, mdogo wake mgombea. Ingekuwa huku kwetu, sijui waangalizi wa kimataifa wangejaza kurasa ngapi.

Tarehe 8 Desemba Mahakama ya Juu ya Florida, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliamuru kadi ambazo mashine haikuona alama ya urais zihesabiwe kwa mkono jimbo zima. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha zoezi. Tarehe 12 Desemba ikatoa uamuzi: majaji saba kati ya tisa waliona kwamba kuhesabu bila kipimo kimoja kunawanyima wapiga kura usawa mbele ya sheria, na watano wakasema muda wa kurekebisha umekwisha. Gore alikubali kushindwa siku iliyofuata.

Baadaye vyombo vya habari vikubwa viliungana, vikakipa kituo cha utafiti cha Chicago kazi ya kupitia kadi 175,010 zilizokuwa zimekataliwa. Walichokipata bado kinaniuma kichwa. Kama kaunti nne alizoomba Gore zingehesabiwa hadi mwisho, Bush angeshinda vile vile. Kama kadi zote zilizokataliwa za jimbo zima zingetazamwa, pamoja na zile zenye alama zaidi ya moja, Gore angepita kwa kura chache. Maana yake ombi ambalo lingeweza kumwingiza Ikulu hakuliwasilisha.

Na kulikuwa na jeraha ambalo hesabu ya aina yoyote isingeliponya. Huko Palm Beach karatasi ya mfano wa kipepeo ilipanga majina pande mbili na matundu katikati. Watu wakatoboa tundu la Pat Buchanan, mgombea mwingine wa urais, wakidhani ni la Gore. Buchanan akapata kura 3,400 hivi katika kaunti isiyokuwa yake, na yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi huenda si zake. Kadi hizo zilikuwa safi kabisa. Ungezihesabu mara mia, zingebaki za Buchanan. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla sanduku halijafungwa.

Nairobi, ushindi bila sanduku

Kenya ilifika kwenye sheria yake kwa njia ya uchungu. Desemba 2007 Tume ilimtangaza Mwai Kibaki kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za hayati Raila Odinga. Raila alikataa kwenda mahakamani, akisema hana imani na mahakama, na nchi ikawaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Katiba ya 2010 iliandikwa kumbukumbu hiyo ikiwa bado mbichi. Ibara ya 140 inatoa siku 7 za kufungua kesi katika Mahakama ya Juu baada ya matokeo kutangazwa, siku 14 za kuisikiliza na kuiamua, na uchaguzi ukibatilishwa, mwingine ufanyike ndani ya siku 60. Haisemi neno kuhusu kuhesabu upya. Inachouliza ni kama uchaguzi ulikuwa halali.

Agosti 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa kura 8,203,290, Raila akiwa na 6,762,224. Pengo ni zaidi ya milioni 1.4. Kwa namba hizo kambi ya kuhesabu upya haina cha kusema, hakuna sanduku linaloficha kura milioni moja kwa bahati mbaya. Kesi ikaelekezwa kwenye karatasi nyingine kabisa, yaani fomu. Katika kila kituo kati ya vituo 40,883, msimamizi alijaza Fomu 34A, mawakala wakasaini. Fomu hizo ndizo zilizozaa 34B za majimbo ya ubunge, na 34B zikazaa 34C ya taifa. Mwezi Juni mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshasema kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Na bado Tume ilimtangaza mshindi huku maelfu ya Fomu 34A yakiwa hayajaifikia.

Mahakama ikaamuru seva ifunguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na majaji wakachukulia kwamba anayeficha ana cha kuficha. Msajili wa mahakama alipokagua fomu, alikuta nyingine hazina alama za usalama, nyingine hazina namba, chache hazina hata saini. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, wakaufuta uchaguzi. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama barani Afrika kufuta ushindi wa rais aliyeko madarakani.

Ambacho watu wengi hawakukisikia siku ile kwa sababu ya vifijo ni hiki: majaji hawakusema Raila ameshinda. Hawakusema ziliibwa kura ngapi. Walisema uchaguzi ni mwendo mzima, kuanzia kuandikisha hadi kutangaza, na mwendo wa kupeleka matokeo haukufuata Katiba. Majaji wawili waliopinga, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, walishikilia kwamba kura za wananchi zipo na hakuna aliyethibitisha kuwa nia yao ilipinduliwa, sasa kwa nini watupiwe kura zao kwa makosa ya makarani? Hoja hiyo ni kambi ya kwanza ya kijiweni, ila imevaa joho.

Halafu ikaja Oktoba. Tume ilikuwa ile ile. Kamishna Roselyn Akombe alikimbilia New York na kujiuzulu siku chache kabla ya kura. Raila akasusia. Tarehe 26 Oktoba Uhuru akapata asilimia 98 ya kura, waliojitokeza hawakufika asilimia 40, na tarehe 20 Novemba mahakama ile ile ikaidhinisha kwa kauli moja. Mshtaki alishinda kesi, akakosa uchaguzi.

Kipimo cha malaria si dawa

Isidhaniwe kwamba Kenya hawafungui masanduku kabisa. Mwaka 2013 mahakama iliagiza kura za vituo 22 zipitiwe upya. Mwaka 2022 iliagiza masanduku ya vituo 15 yafunguliwe. Lakini vituo 15 kati ya 46,229 haviwezi kubadilisha mshindi, na havikukusudiwa hivyo. Ni tone la damu kwenye kioo cha darubini: unatazama kama kuna vimelea, kisha ndipo unaamua matibabu. Mexico walifanya jambo la aina hiyo mwaka 2006, pale Felipe Calderón alipomzidi Andrés Manuel López Obrador kwa kura kama 244,000. Wafuasi wa López Obrador walipiga kambi katikati ya jiji wakidai kila kura, kila kituo. Mahakama ya uchaguzi ikawapa asilimia 9 ya vituo, ikaona makosa hapa na pale, ikamwacha Calderón na ushindi wake.

Kongo hata tone hilo halikutolewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 Martin Fayulu aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru kura zihesabiwe upya, huku Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likisema takwimu zake hazilingani na za Tume. Mahakama ikajibu kwamba hakuthibitisha. Angethibitishaje bila masanduku kufunguliwa? Sheria inayomtaka mlalamikaji aje na ushahidi uliofungiwa kwenye ghala la mlalamikiwa, inampa haki ya kushindwa tu.

Pengo ndilo linaloamua

Historia ya kuhesabu upya kura za urais ni historia ya namba ndogo. Jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 2016 walizihesabu upya kura karibu milioni 3, na Donald Trump akaongeza kura 131. Georgia mwaka 2020 walihesabu kwa mkono kura milioni 5, na Joe Biden akabaki mshindi. Ninaoukumbuka ukibadilisha mshindi ni wa Hawaii mwaka 1960: Richard Nixon alikuwa mbele kwa kura 141, zikahesabiwa upya, John F. Kennedy akachukua jimbo kwa kura 115. Kwa hiyo pengo lako likiwa la mamia, dai masanduku usiku huo huo. Likiwa la malaki, kuhesabu upya ni kumpa mpinzani wako nafasi ya kutangazwa mara mbili.

Hapa kuna mtego kwa anayenakili sheria za watu. Florida inapima pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Kenya mshindi lazima avuke nusu ya kura zote, la sivyo kuna duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru alimpita Raila kwa zaidi ya kura 830,000, jambo ambalo lisingeamsha kipengele chochote cha Florida. Lakini nusu aliivuka kwa asilimia 0.07, kura kama 8,400 katika milioni 12.3. Uchaguzi ulikuwa umebana kama mkwiji, ila haukubana kati ya wagombea, ulibana kwenye mstari wa nusu. Ndiyo maana mawakili walibishana sana kama kura zilizokataliwa ziingie kwenye hesabu au la. Mahakama ikasema zisiingie. Tanzania Bara na Visiwani tukichagua Rais wa Muungano, anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, kwa hiyo kwetu kipimo cha Florida kingekaa vizuri bila kushonwa upya.

Kosa lazima liwe na uzito gani?

Uganda wana jibu gumu kwa mlalamikaji. Mwaka 2001 na tena 2006 Kizza Besigye alipeleka kesi, na mara zote mbili Mahakama ya Juu ilikiri kwamba sheria ilivunjwa. Majaji wakagawanyika, watatu kwa wawili mara ya kwanza na wanne kwa watatu mara ya pili, wengi wakisema haikuthibitika kwamba makosa yaliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Ukisoma hukumu za namna hiyo unabaki kujiuliza kiasi kikubwa ni kiasi gani.

Kenya ya 2017 ni upande wa pili: utaratibu ukivunjwa vibaya, namba haziulizwi.

Mimi napenda njia ya Austria, kwa sababu inaweza kupimwa na mtoto wa darasa la tano. Mei 2016 Alexander Van der Bellen alimshinda Norbert Hofer kwa kura 30,863. Ikagundulika kwamba katika wilaya kadhaa bahasha za kura za posta zilifunguliwa mapema au na watu wasioruhusiwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba kura hata moja iliibwa. Lakini kura zilizoguswa na kasoro hiyo zilikuwa 77,926, ambazo ni nyingi kuliko pengo. Tarehe 1 Julai Mahakama ya Katiba ikafuta duru ile nzima. Kasoro ikiwa kubwa kuliko pengo, mnarudia. Ikiwa ndogo, mnakwenda nyumbani. (Marudio yenyewe yalichelewa hadi tarehe 4 Desemba kwa sababu gundi ya bahasha mpya ilikuwa haishiki. Hata Wazungu wana siku zao.) Van der Bellen akashinda tena, kwa pengo kubwa zaidi.

Muda, na nani anakaa Ikulu wakati mnabishana

Siku 14 za Kenya ni chache mno. Mwaka 2013 upande wa Raila ulileta kiapo cha nyongeza cha mamia ya kurasa, mahakama ikakikataa kwa kuwa kimechelewa. Hata hivyo siku chache zina faida ambayo hatuisemi vya kutosha: rais mteule haapishwi kabla ya uamuzi, kwa hiyo majaji hawaamui hatima ya mtu ambaye tayari ni amiri jeshi mkuu.

Ghana na Malawi walichagua kinyume. Ghana, kesi ya Nana Akufo-Addo dhidi ya ushindi wa John Mahama ilirushwa kwenye televisheni kwa wiki nyingi na kuamuliwa tarehe 29 Agosti 2013, miezi nane baada ya kufunguliwa. Fomu zao za rangi ya waridi zilichambuliwa moja moja, na aliyeshindwa akakubali. Malawi, Peter Mutharika aliapishwa Mei 2019 na alikuwa bado anatawala tarehe 3 Februari 2020, siku majaji watano waliposoma hukumu ya kurasa karibu 500 ya kuufuta uchaguzi, kwa takriban saa kumi. Walifika mahakamani kwa gari la kijeshi wakilindwa na wanajeshi. Walikuwa wamepata muda wa kuziangalia fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia, na hukumu yao ilikuwa na ushahidi ambao wiki mbili zisingeutoa. Ila nchi ilikaa barabarani kwa miezi.

Marudio ya Malawi ndiyo yananifanya nisiikatie tamaa kambi ya kurudia. Kabla ya kura ya tarehe 23 Juni 2020, mwenyekiti wa Tume, Jane Ansah, alijiuzulu na akaja mwingine. Wapinzani wakaungana. Lazarus Chakwera akashinda kwa takriban asilimia 59. Iweke kando ya Kenya ya Oktoba 2017, au ya Zanzibar, ambako Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa na mwenyekiti wa Tume, si na jaji, na Tume hiyo hiyo ikasimamia marudio ya tarehe 20 Machi 2016. CUF wakasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 91. Mgombea hashawishiki kurudi uwanjani kucheza mbele ya mwamuzi yule yule aliyefunga mechi ya kwanza kwa filimbi ya ghafla.

Basi uchague ipi?

Kama wewe ni mgombea au wakili wake, anza kwa kuuliza kosa lilifanyika wapi. Likiwa mezani pa kuhesabia kituoni, na karatasi bado ziko salama kwenye masanduku yenye lakiri, na pengo ni dogo, njia ya Florida inakufaa. Lakini omba nchi nzima na omba kipimo kimoja kiandikwe kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa. Likiwa kati ya kituo na makao makuu, acha masanduku, kusanya nakala za fomu za mawakala wako. Asiyekuwa na nakala hana kesi, na wakala asiyelipwa posho hurudi nyumbani mapema bila nakala. Likiwa kabla ya kura, kwenye daftari au kwenye karatasi ya kipepeo, basi hakuna hesabu itakayokusaidia, dai marudio au nyamaza. Na ukidai marudio, dai pia mwamuzi mpya katika ombi hilo hilo.

Kama wewe ni mwandishi wa sheria, hulazimiki kuchagua moja. Mimi ningechukua kuhesabu upya kwa lazima kwa mtindo wa Florida, ila kwa mkono, pengo likiwa nusu ya asilimia. Ningechukua kipimo cha Austria cha kasoro dhidi ya pengo. Ningechukua kuapishwa baada ya hukumu kwa mtindo wa Kenya, nikiongeza siku 14 ziwe 30. Na ningechukua fomu zote za vituo zianikwe kwenye mtandao siku ile ile, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2022. Mwaka huo hayati Wafula Chebukati alimtangaza William Ruto kwa pengo la kura 233,211, makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo hadharani, na bado nchi haikuwaka. Kila mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe, na mahakama ilipoidhinisha kwa kauli moja tarehe 5 Septemba, wengi walikuwa wameshalijua jibu.

Kuhusu nusu ya asilimia, nilijaribu kuipima kwenye uchaguzi mmoja wa nyumbani. Zanzibar mwaka 1995, Dk. Salmin Amour alitangazwa kwa kura 165,271, Maalim Seif Sharif Hamad 163,706. Pengo ni kura 1,565. Nusu ya asilimia ya kura zao wawili ni karibu 1,645. Kwa sheria ya Florida, masanduku ya Unguja na Pemba yangefunguliwa upya bila mtu kuomba.